Wanyama wa Nyumbani: Masikio Mekundu ya Watoto wa Simbilisi



Mwezi uliopita tulieleza habari za mabanda ya kuku, nasi tulikuwa tumeazimu kuendelea nazo mwezi huu. Lakini tumeletewa barua na mwalimu mmoja wa nyanda za juu za Njombe, na jambo lake halingojei, kwa maana nyumbani mwake wamekwisha kukata shauri kuwatupa wanyama porini. Basi kuku watatuwia radhi.

Habari yenyewe ni hii. Binti yake wa miaka 9 alipewa simbilisi majike wawili, akawatunza jikoni kama ilivyo desturi ya huko. Mmoja akazaa watoto wanne. Walipopata umri wa majuma matatu hivi, wawili kati yao walionekana masikio yamekuwa mekundu. Kisha ngozi ya ukingo wa sikio ikaanza kutoa maganda meupe kama pumba, na manyoya karibu na pua na jicho yakapukutika. Bibi wa nyumba akasema huo ni ukoma. Jirani akaleta oili chafu ya gari ili wapakwe. Jirani mwingine akaleta vidonge alivyobakiza mwenyewe alipougua kifua. Tena mwishoni mwa barua, kana kwamba ni neno dogo, mwalimu ameandika kwamba mkewe amemkuta binti ana duara jekundu juu ya mkono, naye alikuwa akilificha chini ya sweta siku nyingi.

Sisi twaona kwamba neno hilo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote yaliyomo katika barua. Tutalifikia. Lakini kwanza tutazame sikio lenyewe, kwani mtu asiyejua sikio zima lilivyo hawezi kulijua lililo gonjwa.

Sikio la simbilisi ni jembamba kama jani, lina vinyweleo vichache sana, na damu huonekana ndani yake. Simbilisi mweupe ana masikio ya rangi ya waridi siku zote. Mweusi ana masikio meusi, na kwake wekundu hauonekani, hata yakupasa kumpapasa kwa mgongo wa kidole. Mnyama huyu hatoki jasho kama sisi, bali hutoa joto lake kwa njia ya masikio. Kwa hiyo akikimbia, au akishikwa kifuani na mtoto kwa muda, au sanduku lake likiwekwa karibu na mafiga, masikio yote mawili huwa mekundu na ya moto. Akiachwa mahali pa baridi kidogo, baada ya muda si mrefu yarudi hali yake. Wekundu wa namna hii si ugonjwa. Ila ukimwona amejinyosha chini, anahema upesi na kutokwa na mate, jua kwamba joto limemzidi: mwondoe mara moja, mpe maji, na umloweshe masikio kwa maji ya vuguvugu yanayoelekea ubaridi, wala si ya baridi kali. Hewa ikipita digrii 30 ni hatari kwake. Watu wa Njombe watacheka kusikia hivyo, kwa kuwa wao hulalamikia baridi, lakini pembeni mwa moto wa jikoni digrii hizo hupatikana kila jioni.

Tena jambo hili wengi hawalijui. Nyuma ya kila sikio la simbilisi pana mahali padogo pasipo manyoya kabisa. Ndivyo alivyoumbwa. Twasikia mara nyingi kwamba watu hupapaka dawa mahali hapo mwezi baada ya mwezi wakingojea manyoya yaote. Hayataota. Ikiwa ngozi ya hapo ni laini, haina maganda wala vidonda, iacheni. Kadhalika jike mwenye mimba au anayenyonyesha huweza kupungukiwa na manyoya ubavuni, huku ngozi yake ikiwa safi. Hilo nalo si la kutisha.

Sasa turudi kwa watoto wa mwalimu wetu. Wekundu wao haukuondoka, una maganda, umeanzia kichwani, penye pua, macho na masikio, na wanaougua ni wachanga. Mambo haya yote kwa pamoja huonyesha choa, na duara la mkononi mwa binti ni kama shahidi wa pili. Choa huletwa na kuvu, yaani namna ya ukungu ulao ngozi na nywele. Simbilisi mkubwa huweza kuuchukua mwilini asionyeshe alama yo yote, akawaambukiza watoto wake, ambao miili yao bado haijajua kupigana nao. Mara nyingi choa hakiwashi sana: mnyama hula na kucheza kama kawaida, na kwa sababu hiyo watu hukipuuza. Wengine hupona wenyewe baada ya majuma mengi, lakini wakati huo huo wamekwisha kueneza ugonjwa nyumba nzima.

Walakini bwana mifugo ndiye atakayekata shauri baada ya kuwatazama na kukwangua maganda kidogo, kwa maana kuna ugonjwa wa pili unaofanana na huo kwa mtu atazamaye upesi, nao dawa yake ni nyingine kabisa. Huo ni upele. Huletwa na mdudu mdogo mno wa jamaa ya utitiri, asiyeonekana kwa macho, achimbaye ndani ya ngozi. Wataalamu walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1972, ingawa bila shaka simbilisi walikuwa wakijikuna tangu zamani. Alama yake kubwa ni kuwashwa. Mnyama hujikuna usiku na mchana mpaka damu, hasa shingoni, mabegani, mgongoni na ndani ya mapaja. Ngozi huwa nene, ya manjano, yenye magamba. Ukali wa kuwashwa huweza kumwangusha kifafa, akapiga miguu hewani hata mtu akadhani amerogwa. Mwenye mimba huweza kuharibu mimba. Asipotibiwa hukonda na kufa. Watoto huupata upele wakiwa wanamnyonya mama yao.

Basi mwalimu na ajiulize: je, wanajikuna sana, au hawajikuni? Barua yake haikutaja kujikuna, nasi twalichukua hilo kuwa jambo jema.

Dawa ya upele ipo, nayo huitwa aivamektini. Hapa twataka wasomaji wasimame kidogo. Dawa hii huuzwa katika maduka ya mifugo kwa ajili ya ng'ombe na mbuzi, na chupa moja hukaa katika nyumba nyingi. Ile ya kawaida ina miligramu 10 katika kila mililita. Mtoto wa simbilisi mwenye gramu 250 huhitaji kama sehemu moja ya miligramu iliyogawanywa mara 10, ndiyo kusema mililita moja ikigawanywa sehemu 100, yeye apewe sehemu moja tu. Tone moja lidondokalo kutoka bomba la sindano lazidi kipimo hicho mara kadhaa. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kusema, "Mimi nimewachanja ng'ombe miaka mingi, simbilisi atanishindaje?" Dawa hupimwa kwa mizani, huchanganywa na mtu ajuaye, na hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14, kwa kuwa mayai ya mdudu hayafi kwa mara ya kwanza. Nao hutibiwa wote walio katika banda, hata wasioonyesha alama.

Chawa pia huwapata, nao huonekana wakikimbia juu ya manyoya karibu na masikio, pamoja na mayai yao yaliyoshikamana na nywele. Chawa wa simbilisi hawakai juu ya wanadamu. Mara nyingine wekundu wa sikio moja tu ni jeraha la kung'atana, au ngozi iliyoungua kwa kukaa juu ya majani yaliyolowa mkojo. Haya huonekana wazi, wala hatuna haja ya kuyarefusha.

Lakini kuna shina ambalo magonjwa mengi ya ngozi huota juu yake, nalo ni njaa ya mboga mbichi. Simbilisi ni kama sisi wanadamu katika jambo moja ambalo ni nadra miongoni mwa wanyama: mwili wake hauwezi kujitengenezea vitamini C. Mwaka 1907 waganga wawili wa Norwe, Axel Holst na Theodor Frølich, waliwalisha simbilisi nafaka tupu, wakaona wamepatwa na kiseyeye kile kile kilichokuwa kikiwaua mabaharia. Kwa njia ya mnyama huyu mdogo watu walifunguliwa mlango wa kuijua vitamini yenyewe. Mbwa, paka na kuku hula pumba mwaka mzima wasipate kiseyeye. Simbilisi akikosa majani mabichi kwa majuma mawili au matatu huanza kuugua. Manyoya husimama ovyo, vidonda havifungi, viungo vya miguu huvimba, naye hulia akishikwa. Mtoto anayekua, na jike mwenye mimba, huhitaji zaidi kuliko wengine. Ngozi iliyodhoofika hivyo haina nguvu ya kukataa choa wala upele.

Katika miezi ya kiangazi nyumba nyingi huwapa pumba za mahindi na maganda ya viazi, kisha hushangaa. Yafaa wapate nyasi mbichi kila siku, majani ya viazi vitamu, sukuma wiki, na kipande cha pera lililoiva. Pera lina vitamini hiyo kupita chungwa, na katika nyumba nyingi huoza chini ya mti bila kuokotwa. Majani yaliyokauka au kupikwa hupoteza sehemu kubwa ya vitamini. Majani ya viazi mviringo, ya nyanya na ya mparachichi wasipewe kamwe, kwa kuwa yana sumu.

Tumefika penye oili chafu. Twajua kwamba jirani aliileta kwa moyo mwema. Lakini simbilisi hujilamba, na watoto wake hulambwa na mama yao. Kila kilichopakwa mgongoni kitafika tumboni kabla ya jua kuchwa. Oili ya gari ina sumu, huunguza ngozi iliyochubuka, na hulaza manyoya yasiweze kumkinga na baridi ya usiku. Mafuta ya taa ni vivyo hivyo. Dawa ya josho la ng'ombe ni mbaya kupita zote.

Vidonge navyo ni hatari kwa namna nyingine, nayo ni ngeni kwa watu wengi, hata wenye elimu. Dawa za jamaa ya penisilini, pamoja na amoksilini ambayo hukaa katika kabati za nyumba nyingi, huokoa maisha ya wanadamu kila siku. Lakini simbilisi akinyweshwa, huua vijidudu vyema vya tumboni mwake vimsaidiavyo kusaga majani, na vibaya huchukua mahali pao. Mnyama huharisha na kufa baada ya siku chache. Jambo hili liliandikwa na wataalamu tangu mwaka 1943. Wakati Florey na wenzake walipoijaribu penisilini mara ya kwanza juu ya wanyama wagonjwa huko Oxford, mwezi Mei 1940, walitumia panya 8. Wanne walipewa dawa wakaishi, na wanne wasiopewa wakafa. Wengi wamesema tangu hapo kwamba kama wangalichagua simbilisi badala ya panya, huenda dawa ile ingaliwekwa kando. Sisi twaona hapo mkono wa Mungu. Msomaji na aone apendavyo. Lakini vidonge vya jirani virudishwe kwa jirani. Tena vidonge hivyo haviui kuvu wala utitiri, hata kama visingekuwa na madhara.

Habari ya ukoma tutaijibu kwa maneno machache, kwa heshima ya bibi. Simbilisi hawaleti ukoma nyumbani. Na mtu akiwa na shaka juu ya alama yo yote mwilini mwake mwenyewe, aende zahanati, kwa maana ukoma wa wanadamu una dawa iponyayo, nayo hutolewa bure.

Sasa duara la mkononi mwa binti. Apelekwe zahanati juma hili, wala asingojee simbilisi wapone. Choa cha mkono hupona kwa dawa ya kupaka, ikitumiwa kila siku kama mganga alivyoagiza, hata baada ya duara kuanza kufifia. Mama yake amtazame kichwani pia, afunue nywele kwa mwanga wa jua, na ndugu zake wote watazamwe vivyo hivyo. Kwa maana kuvu ikiingia kichwani huwa mapunye, na mapunye hayaponi kwa kupaka tu, huhitaji dawa ya kunywa kwa majuma kadhaa. Taulo, kitana na kofia visishirikiwe. Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kuwashika wanyama. Mpaka bwana mifugo aseme wamepona, mtu mzima mmoja ndiye awalishe, akivaa nguo moja ya kazi hiyo, nayo ifuliwe peke yake.

Lakini kwa nini mtoto alificha? Mwalimu hakutuuliza hilo, nasi twamwomba asikasirike tukimjibu. Alificha kwa sababu alikwisha kusikia neno "kutupa". Mtoto wa miaka 9 anajua kujumlisha. Alijua ya kwamba akionyesha mkono, watapotea wanyama wake. Akaona afadhali kuwashwa kimya. Hivyo neno lililosemwa ili kumlinda ndilo lililomzuia asitibiwe, na siku hizo zote amelala kitanda kimoja na wadogo zake. Tungependa baba yake amwite, amwambie wazi kwamba wanyama hawatatupwa, na kwamba atakapoona alama nyingine, juu yake au juu yao, aseme siku ile ile. Tena amtie katika kazi ya kuwaponya. Kuna mengi awezayo kufanya bila kuwagusa, kama kukata majani, kuokota mapera na kuandika daftari.

Na kuwatupa kwenyewe hakungefaa kitu. Simbilisi ni mnyama wa kwao Peru na Bolivia, amefugwa na watu wa milima ile kwa maelfu ya miaka, hata amesahau kuishi bila mwanadamu. Hachimbi shimo la kujificha, hapandi mti. Porini Njombe atachukuliwa na mwewe au paka mwitu kabla ya siku tatu, tena kwa maumivu. Huku nyuma choa kitabaki nyumbani, kwa kuwa mbegu za kuvu hukaa hai miezi mingi katika mbao, majani makavu na nguo.

Kwa hiyo kazi yenyewe ni katika sanduku. Majani yote ya kulalia yachomwe moto, si kutupwa shambani. Ikiwa sanduku ni la mbao kuukuu zilizopasuka, nalo lichomwe, lifanyike jingine. Mbao hunywa mkojo na hazisafishiki. Ikiwa ni la bati au plastiki, lisuguliwe kwa sabuni, lisuuzwe, kisha lipakwe dawa ya kung'arishia nguo, sehemu moja kwa maji sehemu 9, ikae dakika 10, lisuuzwe tena na kuanikwa juani. Majani ya kulalia yabadilishwe kila yanapolowa. Sanduku liondoke karibu na mafiga na moshi, likae mahali pakavu pasipo upepo.

Watoto wote wanne wakae mahali pamoja na mama yao, kwa maana wamekwisha kuambukizana; lakini jike wa pili atengwe na atazamwe. Wale wanne wakitimiza majuma manne, yaani sasa, madume wapewe sanduku lao, kwani watoto hawa huweza kupata mimba wangali wadogo, na mimba ya utotoni huwaua. Wasichanganywe na sungura kamwe. Sungura huchukua vijidudu vya kifua visivyomdhuru yeye, bali humwua simbilisi, na utitiri wa sikio lake huweza kuwahamia.

Bwana mifugo akiwa mbali, wapelekwe katika kikapu chenye kifuniko, pamoja na mama yao na majani mengi, mapema asubuhi kabla ya jua kali. Wasishikwe kwa shingo wala kwa mguu. Mkono mmoja chini ya kifua, wa pili chini ya matako. Yafaa pia wapimwe uzito kila Jumamosi. Mizani ya dukani yatosha, mradi wakae ndani ya bakuli na bakuli liwe na kitambaa chake, na vyote vioshwe kwa sabuni kabla ya kurudishwa. Baba awapime, binti aandike. Mtoto asiyeongezeka uzito kwa majuma mawili, au aliyepungua, arudishwe kwa bwana mifugo hata kama masikio yake yamekwisha kuwa safi. Mwalimu atuletee nakala ya daftari hilo, nasi tutalitumia katika toleo la baadaye, bila jina lake, ikiwa binti atakubali.